Siku kumi Sauzi nikimfuata Sobukwe, mfungwa aliyetungiwa sheria yake peke yake

SIKU YA 1: Dar – Joburg

Nianze na bamkubwa maana bila yeye hii safari isingekuwepo. Bamkubwa wangu yuko Bagamoyo, mvuvi mstaafu, na tangu tuko wadogo tukimwamkia shikamoo hajibu marahaba kama wazee wengine, ananyoosha mkono juu kiganja kikiwa wazi anasema "Izwe lethu!" na sisi inabidi tuitike "iAfrika!" ndo tupate hela ya kashata. Tulidhani ni mbwembwe zake tu. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ile ni salamu ya PAC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ambao enzi za Mwalimu walikuwa na kambi yao huko maeneo ya Bagamoyo, na mzee alikuwa anawauzia samaki. Maana yake ni "nchi yetu". Na jina la Sobukwe nimelisikia kwake kabla sijalisikia la Mandela, kitu ambacho nikiwaambia watu hawaamini.

Basi likizo ya mwezi wa sita nikasema ngoja niende nikaone. Mtanzania Sauzi haombi viza, unagongewa muhuri tu. Ndege masaa matatu na nusu hivi, nimetua na kishati cha mikono mifupi kumbe huku mwezi wa sita ni kipupwe hasa, jamaa yangu niliyesoma naye kaja kunipokea kavaa koti kama anaenda Makete. Nimelala saa tatu.

SIKU YA 2: Soweto

Kila mtu akija Soweto anapelekwa mtaa wa Vilakazi, alipoishi Mandela na Askofu Tutu, mtaa mmoja washindi wawili wa Nobel, mabasi ya watalii yamepangana, vijana wanacheza ngoma za magambuti. Sio kubaya. Nilikula magwinya pale, ni maandazi haya haya yetu ila makubwa na unawekewa nyama ndani. Lakini nikamwambia dereva mi nataka Mofolo, mtaa mwingine wa Soweto, akaniangalia kwenye kioo akauliza kuna nini Mofolo? Nikamwambia Sobukwe. Akacheka kidogo, akasema marehemu baba yake angenipenda.

Kwa wasiomjua. Robert Mangaliso Sobukwe, kazaliwa tarehe 5 Desemba 1924 mji unaitwa Graaff-Reinet, tutafika. Mwaka 1960 alikuwa anafundisha Kizulu chuo kikuu cha Witwatersrand, kazi safi kwa mtu mweusi wa wakati ule, mke nesi, watoto wanne, wenzake wanamwita Prof. Mwaka mmoja nyuma yake, Aprili 1959, yeye na wenzake waliojitoa ANC, chama cha akina Mandela, walianzisha PAC hapa hapa Soweto, mtaa wa Orlando. Waligombana kuhusu mambo mengi ila kubwa lilikuwa ardhi, hii nchi ni ya nani na nani aongoze mapambano. Watu wakamwita mbaguzi wa wazungu. Yeye alikuwa anasema kuna mbari moja tu, ya binadamu, na Mwafrika ni yeyote ambaye utii wake ni kwa Afrika na anakubali utawala wa walio wengi. Ukilisoma taratibu hilo jibu ni gumu kuliko linavyoonekana.

Sasa tarehe 21 Machi 1960, Jumatatu asubuhi, akiwa ameshaandika barua ya kuacha kazi chuoni, akatoka nyumbani kwake Mofolo kwa miguu na wenzake wachache mpaka kituo cha polisi Orlando, hana pasi mfukoni. Pasi ni lile kitabu walilokuwa wanaliita dompas, bila hilo mtu mweusi hana ruhusa kutembea kwenye nchi yake mwenyewe, Wakenya wanaosoma hapa wafikirie kipande kile babu zao walichoning'inizwa shingoni. Mpango ulikuwa rahisi kabisa: wote tuziache pasi nyumbani, tujipeleke polisi, tuseme tukamateni. Hakuna dhamana, hakuna wakili, hakuna faini. Magereza yakijaa na viwandani hakuna mtu, watafanyaje?

Nikaitembea hiyo njia, nikiongozwa na simu na kijana mmoja wa pale mtaani. Hakuna cha ajabu njiani, nyumba za matofali zile ndogo ndogo za kufanana, saluni ndani ya kontena, mama kakaa kwenye kreti anauza machungwa na miguu ya kuku, watoto wa shule na masweta. Nilichowaza muda wote ni kwamba huyu bwana alikuwa anatembea akijua hatorudi nyumbani jioni, na ni mwalimu, sio mtu wa fujo, alikuwa ameshamwandikia mkuu wa polisi barua kabla kumwambia tunakuja na hatuji na vurugu. Kijana aliyenisindikiza anasoma IT, akaniambia shuleni walimfundisha Sobukwe nusu ukurasa.

SIKU YA 3: Sharpeville

Hapa sitaandika mengi. Ni kusini mwa Joburg karibu na Vereeniging, kama saa moja kwa gari. Siku ile ile, mchana, watu walikuwa wamejaa nje ya kituo cha polisi wakifuata mwito wa PAC, polisi wakafyatua risasi. Wakafa 69, wengi wamepigwa mgongoni, yaani walikuwa wanakimbia. Kumbukumbu iko ng'ambo ya barabara kutoka kituo chenyewe na ukisimama pale unaona umbali ulivyo mdogo, ni kama kutoka getini mpaka dukani kwa Mpemba.

Makaburini kuna mstari mrefu, mawe yote yana tarehe moja. Nilianza kuyahesabu nikaacha.

Siku kumi na nane baadaye, tarehe 8 Aprili, serikali ya Makaburu ikapiga marufuku PAC na ANC vyote viwili. Sobukwe mahakamani alikataa kujitetea, akisema sheria iliyotungwa na wazungu peke yao haiwezi kumhukumu, akapigwa miaka mitatu. Mandela alikuja kusaini katiba mpya hapa Sharpeville tarehe 10 Desemba 1996, sijui kwa nini nilikuwa sijui hilo.

SIKU YA 4: barabarani

Basi la kwenda Kimberley lilitakiwa kuondoka saa mbili asubuhi, limeondoka saa tano kasoro, hakuna aliyetuambia kitu, kampuni siitaji. Barabara imenyooka kama imepigwa rula. Potchefstroom, Klerksdorp, Wolmaransstad, mashamba ya mahindi yameshavunwa yamebaki mabua, halafu miti inapungua pungua mpaka unabaki na nyasi na anga tu. Jirani yangu mama mmoja Mtswana alinigawia kuku wa kukaanga, tukawa tunashindana maneno: mtu yeye anasema motho, maji metsi, nyama nama. Alicheka sana nilipomwambia ugali ndo huo huo pap. Tumeingia usiku, baridi ya Kimberley usiombe.

SIKU YA 5: Kimberley

Watu huja hapa kuangalia Shimo Kubwa, nami nikaenda kulichungulia asubuhi. Ni shimo kweli kweli, karibu nusu kilomita upana, chini maji ya kijani, lilichimbwa almasi mpaka 1914. Wachimbaji weusi walikuwa wanafungiwa kwenye makambi ya kampuni mpaka mkataba uishe, wanapekuliwa mpaka ndani ya mwili. Kwa hiyo ukitaka kujua huu mtindo wa kumfungia mtu mweusi geti na kumpa kibali cha kutoka ulikomaa wapi, unaweza kuanzia ukingoni pale.

Ila mi nilikuja kwa ajili ya Galeshewe, kitongoji cha weusi. Naruka mbele kidogo kwenye hadithi maana safari yangu haikufuata mpangilio wa maisha yake. Alipotolewa kisiwani Robben, alikofungwa, mwaka 1969 hawakumrudisha Soweto kwake, walimleta Kimberley ambako hakuwa na ndugu wala jamaa, wakamwambia utaishi hapa, jioni mpaka asubuhi usitoke ndani, usihutubie mkutano, gazeti lisiandike ulichosema. Kuna nyumba mtaa wa Naledi ndo aliishi. Nyumba ya kawaida kabisa, nimepita mara mbili bila kuijua. Hapo hapo akasomea uanasheria, akafungua ofisi 1975, na Wazee wa mtaani wanasema asiye na hela alikuwa anamsaidia hivyo hivyo.

Sasa sikiliza hii. Alipata ofa ya kufundisha Marekani. Akaomba kuondoka nchini, serikali ikampa kibali cha kuondoka nchini moja kwa moja asirudi. Safi. Ila ili afike kwenye ndege inabidi atoke wilaya ya Kimberley, na amri ya kumzuia Kimberley inasema haruhusiwi kutoka Kimberley. Akaomba alegezewe afike uwanja wa ndege. Wakamkatalia. Yaani ruhusa ya kwenda Marekani unayo, ya kufika airport huna! Nimekaa kwenye kijiwe cha chipsi pale Galeshewe nikawa nacheka peke yangu kama chizi, halafu kicheko kikaisha.

Kansa ya mapafu ilimkuta huku huku, na hata kwenda kutibiwa Cape Town ilikuwa mpaka kibali. Alifariki Kimberley tarehe 27 Februari 1978, ana miaka 53.

SIKU YA 6

Kimberley mpaka Graaff-Reinet hakuna usafiri wa maana. Nimepanda gari tatu, ya pili ilipasuka tairi kabla ya Colesberg na spea yenyewe haina upepo, tukasimama masaa mawili kwenye upepo wa Karoo, nyika kavu ya huku, unaokata masikio. Hakuna mti, hakuna nyumba, kondoo tu na waya za mashamba kulia na kushoto kilomita kwa kilomita. Ndo nikaelewa habari ya ardhi. Nikamuuliza dereva hii yote ya nani, akataja familia kama tatu. Nimefika saa nne usiku.

SIKU YA 7: Graaff-Reinet

Mji mzuri jamani, lazima niseme ukweli. Umeanzishwa 1786, nyumba nyeupe za kizamani, kanisa kubwa limekaa katikati ya barabara kuu utadhani limeletwa zima zima kutoka Uingereza, milima imeuzunguka. Watalii wanakunywa kahawa. Unavuka upande wa pili unaingia uMasizakhe, hapo ndo alizaliwa, vumbi, nyumba za kubanana, mbuzi njiani. Ubaguzi kwenye karatasi ulifutwa zamani lakini ramani ya mji hawajaigusa, anayeishi wapi bado unaweza kubashiri kwa rangi na mara nyingi ukapatia.

Kuna kituo cha makumbusho yake kinaendeshwa na familia na wadau wao. Dada aliyekuwepo aliponisikia natoka Tanzania akaniita bhuti, yaani kaka, akaniketisha, akaleta chai. Nikamwonyesha kiganja, "Izwe lethu!" Akaruka! "iAfrika!" Akauliza nimejifunzia wapi, nikamwambia kwa mvuvi, hakunielewa mpaka nilipomweleza kirefu.

Tukaenda kaburini. Alizikwa hapa Machi 1978 na maelfu walikuja, nchi ikiwa bado chini ya Makaburu. Amelala na mama watoto wake, Veronica Zondeni, nesi, aliyefariki 2018, mama ambaye miaka yote ile alikuwa anaandika barua kwa mawaziri kudai mume wake arudishwe, majibu hayaji au yanakuja ya hovyo. Kaburi limeshavunjwa zaidi ya mara moja. Kuna ugomvi mkubwa pia wa kubadili jina la mji uitwe kwa jina lake, hotelini nilipolala mwenye nyumba, mama wa Kizungu mpole tu, alinihudumia vizuri kila kitu lakini nilipotaja hilo jina akawa anakunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

Nikamuuliza yule dada wa makumbusho, unadhani wanaolivunja wanataka nini? Akasema mtu aliyekufa 1978 bado wanamuogopa, basi hajafa huyo. Kisha akaniomba nimtumie picha za Bagamoyo.

SIKU YA 8

Basi la usiku kwenda Cape Town. Sikulala. Nyuma yangu kuna mtu anakoroma kama jenereta.

SIKU YA 9: Cape Town

Tiketi ya boti ya kisiwani nilikata mtandaoni wiki mbili kabla, nimefika gatini naambiwa hali ya hewa mbaya, boti zote zimesitishwa, njoo kesho. Mlima wa Meza wenyewe hauonekani, umefunikwa blanketi.

Nikatumia siku kwenda Langa, kitongoji cha weusi. Hapa nako tarehe 30 Machi 1960, siku tisa baada ya Sharpeville, kijana wa PAC wa miaka 23 anaitwa Philip Kgosana aliongoza watu kama 30,000 kutembea kutoka Langa mpaka katikati ya mji, kaptula miguuni, hakuna hata jiwe lililorushwa. Wakubwa wa polisi wakamwambia watawanye watu wako, jioni utaonana na waziri. Kijana akaamini. Watu wakarudi nyumbani kimya kimya, yeye akarudi jioni kumwona waziri, wakamkamata. Barabara ile waliyopita kushuka mjini sasa inaitwa kwa jina lake. Dereva wa teksi wangu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, tukaongea Kiswahili njia nzima, chake cha Katanga changu cha pwani, yeye miaka kumi na moja yuko hapa na hakujua huyo Kgosana ni nani ingawa anaipita kila siku. Nikamsimulia, akapunguza gari.

SIKU YA 10: Robben Island

Leo boti zimeondoka. Bahari bado ina hasira, nusu ya abiria wanatapika, mimi mtoto wa Bagamoyo nikajikaza ila kwa siri nilikuwa nimeshika chuma kwa mikono miwili.

Kwanza basi linakuzungusha kisiwa. Makaburi ya wenye ukoma. Machimbo ya chokaa, ambako mwanga ulikuwa unawaharibu wafungwa macho, na pale mlangoni kuna rundo la mawe, wafungwa wa zamani walirudi 1995 kila mmoja akaweka lake. Halafu basi likapunguza mwendo mbele ya kinyumba cha rangi ya njano iliyopauka, mwongozaji akasema huyu ni Sobukwe.

Mei 1963 miaka yake mitatu ilikuwa imeisha. Mtu kamaliza kifungo, anasubiri kwenda kwa mke na watoto. Bunge likapitisha sheria kwamba waziri anaweza kuendelea kumshikilia mfungwa wa aina yake hata akimaliza adhabu, mwaka mmoja, ukiisha wanaongeza. Haikuwahi kutumika kwa mtu mwingine yeyote, mpaka leo inaitwa kifungu cha Sobukwe. Wakaiongeza mwaka hadi mwaka, miaka sita. Na kwa kuwa kisheria alikuwa ameshamaliza adhabu hawakuweza kumpigisha nyundo machimboni na wenzake, basi wakamweka hapa peke yake. Nguo zake za kiraia, vitabu, alisoma shahada ya uchumi kwa posta kutoka Chuo Kikuu cha London. Ukisikia hivyo unasema mbona afadhali. Ila askari walikatazwa kuongea naye. Wafungwa walikatazwa kumkaribia. Mkewe na watoto mara moja moja kwa kibali. Siku, wiki, mwaka, hakuna wa kumwambia hata "habari ya asubuhi", mwalimu wa lugha! Ilifika mahali akamwambia mbunge aliyekuja kumtembelea kwamba anaanza kusahau kuongea.

Wafungwa wakipitishwa kwenda kazini kwa mbali, alikuwa anatoka, anainama, anachota udongo, anauachia uteleze katikati ya vidole. Hilo ndo lilikuwa hotuba.

Nikaomba kushuka. Mwongozaji akaangalia saa, akasema dakika tano bwana. Ni chumba kimoja na nusu, dirisha, kitanda. Hapo jirani kuna vibanda vya mbwa wa askari, vimejengwa kwa tofali, imara. Udongo wa pale ni mchanga mchanga mweupe una vipande vya kome. Nilichota, ndio, nikaona aibu kidogo maana Mjerumani mmoja alikuwa ananipiga picha.

Baada ya hapo gereza lenyewe, na mwongozaji wa sasa ni mzee aliyefungwa humo mwenyewe. Selo ya Mandela foleni ndefu, watu wanapiga selfi, namba yake 466/64, miaka 18 kati ya 27 alikaa hapa. Kilichonishika mimi zaidi ni karatasi ya chakula. Imeandikwa kwa rangi! Wahindi na machotara mkate wanapata, jamu wanapata. Mwafrika mkate hakuna, jamu hakuna, nyama imepunguzwa, mafuta nusu. Wafungwa wa kesi moja, hukumu moja, wanakaa korido moja. Na mavazi hivyo hivyo, Kathrada, mwenzake Mandela wa kesi ile ile, kwa kuwa ni Mhindi kapewa suruali ndefu, Mandela kaptula, maana mtu mweusi kwao alikuwa "boi" hata akiwa na mvi. Mtu mmoja alikaa ofisini akapiga hesabu ya jamu kwa aunsi kulingana na rangi ya ngozi. Mzee akatuambia wao walikuwa wanagawana hivyo hivyo kwa siri, anayepata mkate anamega.

Jioni nimepiga video kwa bamkubwa kutoka gatini, upepo unavuma nasikia nusu nusu. Nimemtumia picha ya kile kinyumba. Kaiangalia muda mrefu, kaisogeza karibu na macho.

"Hicho tu?"

Nikamwambia hicho tu, bamkubwa.

Kanyamaza. Halafu akaniuliza kama nimekutana na Msauzi mmoja mrefu, ana kovu hapa kidevuni, aliyekuwa kambini kwao miaka ile, maana aliondoka na deni la changu wawili na kolekole mmoja. Nikamwambia sijamwona. Akasema ukimwona mwambie nimemsamehe, lakini ukimwona, aje mwenyewe Bagamoyo nimwambie.